Koti Lisilorudi Nyumbani

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Ifahamike kwa walio hai na kwa watakaozaliwa kwamba leo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili ambao hawakuinua hata kichwa, nimetundika koti langu kwenye kiti changu cha kazini. Halitarudi nyumbani tena. Limeajiriwa.

Maelezo ni haya. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro, chumba cha ubora. Kazi yangu ni kupima. Kwanza unalikandamiza godoro kwa goti. Halafu unalala juu yake mpaka mwili utulie, ujue linabonyea wapi. Hatua ya kwanza naiweza. Ya pili naiweza kupita kiasi. Mwili wangu ukishatulia hautaki tena kusumbuliwa. Ndiyo maana kiwanda kizima, kuanzia mlinzi wa getini hadi wapakiaji, wananiita Mto.

Sasa mzee msimamizi wetu anastaafu. Jumamosi mama Mkurugenzi atamtangaza wa kushika nafasi yake. Tunaofikiriwa ni wawili: mimi, na jirani yangu wa meza, Bi Rula. Jina hilo limetokana na rula ya chuma ambayo haitoki mfukoni mwake. Mama huyu anawahi kufika. Hasengenyi mtu. Hasinzii. Sijui anaishije.

Jana mke wangu kaniambia wiki hii nijitafutie jina zuri kazini, tena kwa bidii. Nikamuuliza haraka ya nini. Akasema ameshamwambia mama yake kwamba usimamizi nimeupata, na mama mkwe anakuja Jumapili kunipongeza. Mama mkwe huyo ndiye aliyewahi kumuuliza mwanawe, mimi nikiwa hapo hapo nimeshika kikombe cha chai, kama ni kweli kuna wanaume wanaolipwa kwa kulala, na watoto wao huwa wanajibu nini wakiulizwa shuleni.

Kwa hiyo, koti. Mtu akipita akiliona atajisemea kwamba mwenyewe yupo, katoka kidogo tu. Koti halisinzii wala halichelewi. Katika familia yetu ndilo lenye nidhamu.

Kuna na silaha ya pili. Mfuko wa ndani una simu. Simu zimekatazwa chumba cha kupimia, kwa hiyo nikienda kulala, yaani kupima, nalikunja koti na kuliweka chini ya kichwa. Binti yangu amenirekodia kengele kwa sauti yake. Kila siku saa nane na nusu mchana, kabla Mkurugenzi hajaanza mzunguko wake wa saa tisa, inasema: "Baba, amka! Bosi anakuja!" Kuna maneno mengine yanafuata, lakini sijawahi kuyasikia. Huwa naizima hapo hapo. Nilimwomba mtoto aseme taratibu. Ana miaka sita, taratibu bado hajafundishwa.

Leo imelia. Nimeamka. Bi Rula alitazama dari, akaendelea kupima.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Koti linachapa kazi! Asubuhi nilikuwa nyuma ya bohari na dereva wa lori tukijadili mambo ya dunia. Katibu muhtasi kaniambia baadaye kwamba Mkurugenzi alipita mezani kwangu, akaona koti, akasema yule kijana siku hizi anawahi. Katibu akaongeza kwamba bosi hata alitoa salamu kwa mbali, kwa kuwa hakuwa na miwani. Nimesalimiwa nisipokuwepo. Huo ndio mwanzo wa ukubwa.

Mchana, kikao. Nimegundua kwamba watu wanaoheshimika kwenye vikao hawajibu maswali, wanauliza. Nikawa nasubiri nafasi. Ilipofika kimya cha kutosha nikainua mkono, nikauliza kama kweli suala hili tumelitazama kwa upana wake.

Mkurugenzi akavua miwani. Akasema hilo ni swali zuri, na kwa kuwa limetoka kwangu, nilitazame mimi kwa upana wake na nimletee majibu Alhamisi. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyezoea kubebeshwa mizigo ya taifa.

Tatizo ni kwamba sikuwa nimesikiliza suala lenyewe ni lipi.

Nimemuuliza Bi Rula tulipotoka, kwa kuzungukazunguka, nisije nikaonekana. Akajibu bila kucheka kwamba suala ni mlango wa choo cha wanaume. Haufungi. Akanitakia kazi njema, mheshimiwa.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Leo sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Nilikuwa na wazo. Mtu akijisifu mwenyewe, ni majivuno. Akisifiwa na mama wa chai, ni habari. Mama wa chai wa kiwandani kwetu ana masikio makubwa na roho nyepesi. Ukimwambia neno asubuhi, mchana linakurudia likiwa limenenepa. Kwa hiyo nilipokuwa nachukua kikombe changu nilimnong'oneza kwamba kuna kiwanda kingine kinanitaka sana, lakini naipenda kazi yangu, asimwambie mtu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: maneno yatafika juu, Mkurugenzi ataogopa kunipoteza, atanipa usimamizi upesi upesi.

Kabla ya saa sita mpakiaji mmoja alinishika mkono kwa masikitiko. Akasema tumetoka mbali. Sikumwelewa. Fundi wa kushona kava akanikumbatia. Mlinzi wa getini, ambaye hajawahi kunisalimia, aliniuliza kama nitaacha lile bakuli langu la chakula cha mchana au naondoka nalo. Mzee msimamizi aliniambia afadhali tunaondoka wote, atakuwa na wa kuzungumza naye kwenye sherehe.

Saa saba nikaitwa juu. Mkurugenzi alisema amesikitika lakini hawezi kumzuia mtu anayejitafutia maisha. Amefurahi nimeamua mapema, maana ilikuwa inamsumbua kichwa kuchagua kati yetu wawili.

Nilimweleza kwamba siendi popote. Akauliza hao wengine wamenikataa? Nikasema hapana, mimi ndiye niliyewakataa. Akauliza ni kiwanda gani. Nikasema ni siri yao. Akasema haya, kama ndivyo, basi bado nipo kwenye hesabu yake. Ila kuanzia sasa anataka kuniona nikifanya kazi, si kusikia habari zangu.

Nikashuka ngazi. Nikamkuta Bi Rula ameshika kiti changu. Aliniomba radhi. Alidhani kweli nahama, na kiti changu ndicho pekee chumbani chenye miguu minne mizima. Chake kina mguu uliofungwa waya. Nikamwambia dada, ngoja kwanza nife. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akarudisha kiti na koti langu, akalinyoosha na mabega.

Mke wangu kauliza habari za kazini. Nimemwambia watu wengi leo wamenionyesha mapenzi.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Mambo mawili yametokea leo, moja zuri na moja sijui nilielezeje.

La zuri: mlango. Nilikuja mapema na bisibisi, nikaurekebisha mwenyewe, nikaweka na komeo jipya. Sasa unafunga vizuri mno. Wa kwanza kuujaribu alikuwa mzee msimamizi, na alikaa humo mpaka fundi wa umeme alipopita akasikia anaimba. Mzee hakukasirika. Alisema tangu ajiunge na kiwanda hiki hajawahi kupata mapumziko marefu kiasi kile.

La pili. Mkurugenzi ana mgongo. Kila mtu ana mgongo, lakini wa kwake unauma. Akaagiza godoro la nyumbani kwake, la sponji mbili, ngumu chini na laini juu, na lipimwe vizuri. Kila godoro linalotoka hapa hushonewa ukingoni kitambaa kidogo chenye jina la aliyelipima. Bi Rula alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikamwahi. Nikamwambia hili niachie mimi, wewe umechoka. Akasema hajachoka. Nikamwambia unaonekana umechoka. Nikaandika jina langu kwenye kitambaa kwa herufi kubwa, za kusomeka na mtu asiye na miwani.

Nikalikandamiza kwa goti. Zuri. Nikakunja koti, nikalala. Zuri sana. Saa nane na nusu binti yangu akaniamsha kama kawaida, nikamzima kama kawaida. Nikajisemea nipumzishe macho tu.

Nikashtushwa na viatu. Ni vyake, navijua, vinagonga sakafu kama mtu anayehesabu makosa. Nikaruka. Koti bado limekunjwa kama mto, simu iko ndani, Mkurugenzi yuko mlangoni. Sponji zilikuwa bado hazijagundishwa. Nikainua ya juu, nikalisukuma koti katikati, nikaiachia. Nikasimama wima na goti moja juu ya godoro kama mwanajeshi kwenye sanamu.

Akasema anataka kuuona mlango. Tukaenda kuuona mlango. Akaufungua, akaufunga, akaufungua. Akasema hili ni jambo dogo lakini limefanywa na mtu anayejali. Nilitaka kulia. Nikamweleza habari za komeo kwa kirefu. Kwa kirefu mno.

Nimerudi chumbani. Meza ya kupimia tupu. Godoro hakuna. Bi Rula akaniambia amenisaidia, ameona jina langu limeshawekwa, akajua nimemaliza, akalipeleka kwenye gundi na kwa fundi wa kushona, maana lori lilikuwa linasubiri.

Nikakimbia getini. Lori linakata kona. Dereva akanipungia mkono.

Siwezi kumwambia mtu. Nikisema kuna koti, wataniuliza lilikuwa linafanya nini juu ya godoro. Nikisema lilikuwa chini ya kichwa, wataniuliza kichwa kilikuwa kinafanya nini. Na simu imo ndani, imechajiwa, mzima wa afya. Kesho saa nane na nusu binti yangu atasema neno lake nyumbani kwa Mkurugenzi.

Usimamizi unatangazwa Jumamosi. Mama mkwe ameshakata tiketi.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Nimepanga vizuri. Naandika hivyo ili ibaki kwenye kumbukumbu kwamba mpango wenyewe haukuwa na kasoro.

Saa saba na nusu niliomba ruhusa ya kwenda kumwona daktari wa meno. Nikaenda nyumbani kwa Mkurugenzi. Mkasi mdogo mfukoni, sindano na uzi. Nitafungua mshono, nitoe koti, nishone, niondoke. Mkurugenzi mwenyewe yuko kiwandani hadi jioni.

Mlango ukafunguliwa na mumewe. Mwalimu mstaafu, mpole, ana kofia ya sufu na joto lote lile. Nikamwambia nimetoka kiwandani, ni ukaguzi wa godoro baada ya kufikishwa. Akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Nikasema ni huduma mpya. Akafurahi sana, akasema karibu kijana wangu, humu ndani mchana kutwa nazungumza na redio.

Tukaingia chumbani. Godoro limetandikwa shuka la maua. Nikamwomba aniache peke yangu, kwamba ukaguzi unahitaji utulivu. Akasema yeye ni mtulivu, akavuta kiti, akaketi. Akaanza kunisimulia wanafunzi wake wa zamani, mmoja baada ya mwingine, na tabia zao. Mimi natikisa kichwa huku nakandamiza kwa goti. Nikaliona! Upande wa kichwani, kijivimbe. Mtu asiye wa fani hii hawezi kukihisi.

Nikasema natamani sana chai. Akasema kumbe! Akaenda jikoni.

Sasa nilihitaji kujua koti limekaa upande gani hasa wa mshono, nisije nikakata ovyo. Namna ya kujua ni moja tu, na ndiyo niliyofundishwa. Nikalala. Nikatuliza mwili.

Ni godoro zuri. Nasema hivi kama mtaalamu.

Sauti ikatoka chini ya sikio langu, ya mbali kidogo, kama mtoto yuko kisimani. "Baba, amka! Bosi anakuja!"

Nikafumbua macho. Na kwa mara ya kwanza tangu irekodiwe, kengele ile ilikuwa imesema kweli tupu. Bosi alikuwa mlangoni. Mgongo ulikuwa umemzidi, amerudi kujinyoosha. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika viatu. Nyuma yake mumewe na sinia la chai. Na mimi kitandani kwake, juu ya maua, mkasi mkononi.

Godoro likaendelea. "Baba, amka! Bosi anakuja!"

Mkurugenzi akageuka taratibu akamtazama mumewe. Akamuuliza mtoto huyo ni wa nani. Mwalimu akasema mama, mimi simjui mtoto yeyote. Mkurugenzi akasema mbona anaita baba, na humu ndani baba ni wewe? Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia. Mwalimu akasema labda ni mambo ya majirani. Mkurugenzi akasema majirani wako ndani ya godoro?

Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilifikiria kunyamaza.

Lakini siku zote naizima kengele mwanzoni, na leo hapakuwa na wa kuizima. Kwa hiyo sote watatu tukayasikia yale maneno yanayofuata, ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyajua. "Mama anasema uache kukoromea magodoro ya watu!"

Mkurugenzi aliniomba mkasi. Alisema tafadhali. Akafungua mshono kwa utaratibu, akaingiza mkono, akavuta koti. Akalikung'uta. Akasoma na jina langu pale ukingoni, kwa herufi kubwa, bila miwani.

Akauliza kama hili ndilo lile koti linaloshinda kazini. Nikasema ndilo, mama. Akasema kumbe nimekuwa nikilisalimia.

Mwalimu akacheka mpaka akaketi sakafuni na sinia lake. Namshukuru. Nadhani ndiye aliyeniokoa. Mkurugenzi alitaka kusema jambo lingine, akamwangalia mumewe, mdomo ukamtetema, akaniambia niende, na chai nisinywe.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Bi Rula.

Imetangazwa saa nne, mbele ya mashine ya kukatia sponji. Watu wamepiga makofi. Mimi nimepiga makofi mengi kuliko wote, ili ionekane sina kinyongo. Nikaendelea wenzangu walipokwisha kunyamaza, nikabaki peke yangu.

Habari za jana zimefika kabla yangu. Mwalimu alimsimulia dereva wa lori alipokwenda leo alfajiri kulichukua godoro likashonwe upya, na dereva hana siri. Kuanzia leo siitwi Mto. Naitwa Bosi Anakuja. Fundi wa kushona ananiita hivyo, wapakiaji wananiita hivyo, mlinzi wa getini alisimama na kunipigia saluti. Mama wa chai amenimiminia kikombe huku akiigiza sauti ya mtoto. Anaigiza vizuri.

Pia kuna amri mpya ukutani: ni marufuku mpimaji kupima akiwa na koti, awe amelivaa au amelilalia. Nimeweka historia.

Mchana Bi Rula kaniita kuzungumza. Nilijua nafukuzwa. Akasema Mkurugenzi alimuuliza anifanye nini, naye akajibu nibaki. Akasema kwamba katika kupima kwangu kote hakuna godoro hata moja lililopita mikononi mwangu likarudishwa na mteja. Akasema, Bosi Anakuja, godoro ambalo wewe hulali juu yake huwa lina kasoro, nimechunguza. Kwa hiyo kuanzia wiki ijayo kazi yangu ni kulala tu, waziwazi, na magodoro yote yanayokwenda hospitali yatapita kwangu kwanza, na jina langu liwe juu yake. Akasema na Mkurugenzi ameomba godoro lake nilipime tena mimi mwenyewe. Jana usiku amelilalia bila koti, na mgongo umeanza kupoa.

Alisema na mambo mengine mazuri, lakini sikuyasikiliza vizuri. Nilikuwa nafikiria nimweleze nini mama mkwe.

Jambo la mwisho aliloniambia ni kwamba mpimaji anayelala hana haja ya kuketi. Nikasema sawa, dada msimamizi.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Mama mkwe alifika saa tano, amevaa nguo ya sherehe. Mke wangu nilishamweleza usiku, asubuhi akaniambia ukweli utausema wewe, baba watoto, kwa mdomo wako. Nikamwambia usijali.

Nilikwenda kumpokea mama mkwe njiani, nimbebee mzigo. Nilikuwa nimekusudia kabisa kumweleza. Nimeshameza mate, nimeshasema mama, kuna jambo. Hapo hapo lori la kiwanda likapita. Dereva akatoa kichwa dirishani, akapiga honi, akapaza sauti barabara nzima isikie: "Bosi Anakuja! Heshima yako!"

Mama mkwe alisimama. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana. Akauliza kama wananiita hivyo kazini. Nikasema ndiyo mama, wote. Akauliza hata walinzi? Nikasema mlinzi hunipigia saluti. Na katika hayo yote hakuna neno la uongo.

Akaninyang'anya mzigo wake, akasema bosi habebi mizigo.

Tumekula vizuri. Binti yangu alitaka kusema kitu, mama yake akamtia mkate mdomoni. Mama mkwe ameomba radhi kwa mambo aliyowahi kuyasema zamani. Amesema anataka kuja kazini Jumanne, aone ninapokaa. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nimesema karibu sana mama, utapokewa.

Halafu akafungua mzigo. Zawadi. Koti! La kijivu, zito, vifungo vinang'aa, mifuko ya ndani miwili. Amesema msimamizi hawezi kuvaa lile la zamani lenye gundi, aliloliona nyuma ya mlango.

Nimelitazama jioni nzima. Kosa langu la wiki hii nimeshaliona: koti lilikuwa jepesi, mtu asiye na miwani angeweza kulisahau. Hili halisahauliki. Kesho naamka mapema kuliko Bi Rula. Nitafika kiwandani kabla ya wote, nilitundike kwenye kiti changu, nilinyooshe mabega, na Jumanne mama mkwe akiingia ndilo atakaloliona kwanza.

Kiti sina. Amekichukua Bi Rula.